Salamu za Mlangoni

Mwezi uliopita, katika hoteli moja kule Mbweni, nilikutana ana kwa ana na watu niliosoma nao zaidi ya miaka kumi iliyopita, na ndiyo kwanza nikagundua kwamba wana miguu. Mwaka mzima tulikuwa tukionana kuanzia kifuani kwenda juu, kila mmoja ndani ya kijisanduku chake kwenye kioo cha simu, na akili yangu ilikuwa imewapa wote kimo kimoja. Kumbe Godfrey, mpishi wa hukohuko Mbweni aliyekuwa akizungumza darasani kama anayenadi samaki, ni mrefu wa kuinama milangoni. Na Mwalimu Neema, ambaye sauti yake ilinifanya nikae wima hata nikiwa peke yangu, ananifika begani. Alikuwa amevuka kwa boti kutoka Dar asubuhi ile kwa ajili yetu. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mikono yote miwili, kisha akawageukia wengine. "Huyu ndiye Kazija," akasema. "Huyu ndiye aliyetumia dakika zake zote kunisalimia." Watu wakacheka mpaka wahudumu wakageuka kututazama, na mimi nikacheka kuliko wote. Siku yenyewe sikucheka. Nililia jikoni kwa watu, na machozi yakaingia kwenye bakuli la kitunguu.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nauza viungo na sabuni za mwani katika duka la mtu Mji Mkongwe, na nikilala Michenzani kwa mama mdogo Rukia. Sabuni zilitoka kwa kikundi chetu cha wanawake wa Uroa, kijijini kwetu, na kikundi hicho kilikuwa na adui mmoja tu, naye ni mvua. Mwani ukishavunwa lazima uanikwe ukauke. Jua likiwapo hakuna neno, ufuo wote ni wetu. Masika yakiingia, mwani uliopigwa na mvua hugeuka mweupe, ukaoza, ukanuka, na jasho la miezi likaishia jaani. Sasa, pale kijijini palikuwa na ghala la zamani la mbata, zile nazi zilizokaushwa, lenye kuta nzima na bati lisilovuja. Lilikuwa mali ya kijiji, na kamati ilikuwa ikilitoa kwa mwaka mmoja mmoja kwa kikundi chenye hoja nzuri. Kabla ya masika kamati ilikaa skuli, kila kikundi kikapewa dakika tano, na mwenyekiti, Mzee Makame, akaiweka simu yake mezani ili ilie muda ukiisha. Ikilia unakaa, hata uwe mjomba wake.

Mwaka huo msemaji wetu alikuwa Bi Mize, mkubwa wa kikundi, na Uroa nzima hapakuwa na mtu anayejua kuzungumza kama yeye. Nilikuwapo, nimekaa dawati la nyuma. Alisimama akamshukuru Mungu, akamsalia Mtume, akamwamkia Mzee Makame na wajumbe mmoja baada ya mwengine, akaulizia hali ya mke wa mjumbe aliyekuwa mgonjwa, akawarehemu waliotangulia mbele ya haki, akaomba radhi kwa wakubwa kwa kunyanyua mdomo mbele yao, akaomba radhi tena endapo ulimi utateleza. Kisha akasema, "Ama baada ya hayo, ndugu zangu, lililotuleta hapa," na simu ikalia. Alikaa. Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona kosa. Sote tungefanya vilevile. Kwetu mtu hainuki tu akaanza kudai, kama kwamba watu walio mbele yake ni ukuta. Ghala likaenda kwa mafundi seremala, ambao kijana wao alisimama akasema, "Mbao zetu zinalowa," akakaa. Masika yale tulitupa mwani mpaka mikono ikachoka kutupa. Bi Mize akaacha kuja vikaoni. Alisema goti linamuuma, na sote tukajifanya tumeamini.

Wanawake wakaamua kwamba safari ijayo nisimame mimi, kwa kuwa ni mtu wa mjini na nazungumza na wazungu dukani. Kuzungumza na wazungu dukani ni kutabasamu na kusema "mdalasini". Mbele ya watu kumi wanaonijua nilikuwa nasahau mpaka jina la kikundi. Lakini niliwaonea huruma, na kusema kweli nilijionea huruma na mimi pia, kwa sababu mikono iliyotupa mwani ule ilikuwa pamoja na yangu. Ndipo nikajiunga na kozi ya kuzungumza mbele ya watu, ya chuo kimoja cha Dar, ambayo masomo yake yote yalikuwa kwa mtandao.

Darasa langu lilikuwa jikoni kwa mama mdogo, ghorofa ya nne, kwa sababu nyumba nzima mtandao ulishika jikoni peke yake. Jiko lenyewe lilikuwa jembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana. Niliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, juu ya beseni lililofunikwa, nyuma yangu zikaonekana sufuria zimepangwa kwa ukubwa. Mama mdogo hakuona sababu ya kusitisha mapishi kwa ajili ya chuo. Siku ya kwanza Mwalimu Neema alikatiza somo akauliza, "Kazija, huo ni mlio wa nini?"

"Mama mdogo anakuna nazi, Mwalimu."

"Basi mwambie amalize kwanza, au aje afundishe yeye."

Mama mdogo akaisogelea simu na kifuu mkononi, akasema, "Mwalimu, nshamaliza, endelea." Tangu hapo akawa mwanafunzi asiyeandikishwa. Alisikiliza kila somo akiwa amenigeuzia mgongo, na tukimaliza alikuwa na la kusema. "Huyo mwalimu wako anasema usitazame chini. Mtoto wa kike asiyetazama chini anatazama wapi?" Nikamjibu kwamba ninatazama kwenye kamera. "Haya, mtazame huyo kamera. Ukisha kumtazama uniletee chumvi." Mpaka leo, nikisimama mbele ya watu wengi, huwa nasikia harufu ya kitunguu kinachoungua kidogo, na nikiisikia natulia.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuzungumza dakika tano juu ya jambo unalolihitaji kwa dhati. Nilichagua ghala. Nikajiandaa wiki nzima, nikavaa buibui langu zuri, nikaanza. Nikamshukuru Mungu, nikamsalimu Mwalimu, nikawasalimu wenzangu na wazee wao huko walipo, nikawapa pole waliokatikiwa na mtandao, nikaomba radhi kwa kuwatangulia walionizidi elimu na umri, nikaomba radhi kwa sauti yangu, nikaomba radhi kwa kelele za mtaa. Nilijiona ninakwenda vizuri ajabu. Nilipovuta pumzi niingie kwenye ghala, Mwalimu akasema muda umekwisha.

"Asante, Kazija," akasema kwa upole. "Nimefurahi kukufahamu. Sasa, ulitaka kutuambia nini?"

Godfrey akafungua sauti yake akasema, "Mimi nilidhani anatuaga, anasafiri," na visanduku vyote vikatikisika kwa kicheko. Nilizima simu. Kilichoniliza si kicheko, maana Godfrey hana ubaya. Kilichoniliza ni kwamba nilimwona Bi Mize akikaa pale skuli, na nikaelewa kuwa nimetumwa nikamwokoe nikafuata njia yake hatua kwa hatua. Mama mdogo alinikatia kipande cha mkate wa kumimina, akaniwekea chai ya tangawizi, akakaa juu ya ndoo mbele yangu mpaka nikala. "Umesalimu vizuri lakini," akasema mwisho, na nikacheka huku nalia.

Somo lililofuata Mwalimu Neema alinipa sheria ambayo nimeishi nayo. Usianze kwa kuomba radhi. Anza na kitu ambacho msikilizaji anaweza kukiona, kisha nyamaza kidogo, umpe nafasi akione. Nilijaribu, nikashindwa, nikajaribu tena. Nilizungumza na sufuria. Nilizungumza na nguo zilizoanikwa barazani, jirani wa chini akauliza kama nina mgeni. Dukani nikaacha kusema "mdalasini" tu, nikaanza kuwaeleza watu mwanamke aliyeifunga ile sabuni anasimama wapi baharini maji yakitoka, na nikawaona wakiacha kutazama simu zao. Hiyo ilinitia kichaa cha furaha. Kufikia kipupwe nilikuwa na hotuba ya ghala iliyokaa sawasawa, na Mwalimu Neema alipoisikia akawaambia wenzangu wafungue sauti wapige makofi. Godfrey alipiga kwa mwiko.

Nikaenda Uroa siku ya mapumziko kuwasomea wenzangu wa kikundi. Walikuwa uani kwa mmoja wetu wanakata sabuni. Nikasimama, nikaanza moja kwa moja kama nilivyofundishwa, nikamaliza. Hawakupiga makofi. Walitazamana.

"Nzuri," mmoja akasema, kama mtu anayesifu mchuzi usio na chumvi.

"Imekaa," mwengine akasema. "Lakini umetuingilia kama mtu alokuja kudai. Hukutuomba hata radhi. Mzee Makame akikusikia hivyo, hatosikia ghala, atasikia kiburi. Yule kijana wa mbao alisamehewa kwa kuwa kila mtu anajua hakulelewa. Weye tunakujua."

Walisema kweli, na hapo ndipo nilipokwama. Nikisalimu kama inavyotakiwa, simu italia. Nisiposalimu, simu haitolia lakini masikio yatakuwa yamefungwa. Nilimpigia Mwalimu Neema nikamweleza, na namheshimu mpaka leo kwa jibu alilonipa, kwa sababu hakujifanya anajua. "Mimi nakufundisha hotuba," alisema. "Watu wako unawajua wewe. Sheria yangu ikigongana na watu wako, kuna njia itakayowatosha wote. Itafute." Nilikata simu nikiwa na hasira naye kidogo. Nilikuwa nataka jibu, amenipa kazi.

Jibu lilipanda ngazi za Michenzani lenyewe, linahema. Jumapili moja jirani wa mlango wa mkabala alikuwa anaposewa binti yake. Nyumba zile hazina lifti, na mshenga aliyeletwa kuposa alikuwa mzee mwenye tumbo, na wenzake nyuma yake. Wajomba wa binti waliteremka kumpokea. Mimi na mama mdogo tulikuwa jikoni tunapika pweza wa nazi, mlango wazi ili moshi utoke, kwa hiyo tulisikia yote. Kila kituo cha ngazi yule mzee alisimama kuvuta pumzi, na kwa kuwa si heshima kumhemea mtu usoni bila kusema kitu, alisalimu. Ghorofa ya kwanza akaulizia wazee. Ghorofa ya pili akaulizia wagonjwa, akawarehemu waliokufa. Ghorofa ya tatu akaomba radhi kwa usumbufu wa Jumapili. Alipofika juu alikuwa hana pumzi wala salamu iliyobaki. Akakaa, tukasikia gilasi ya sharbati ikiwekwa, na mara akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Tumekuja kumuomba binti yenu."

"He," mama mdogo akasema, upawa mkononi. "Huyu leo kaposa haraka."

"Hakuposa haraka, mama mdogo," nikasema. "Salamu kazimaliza ngazini."

Nilisema hivyo, kisha nikalisikia nililolisema. Pweza akaungua siku ile, na mama mdogo ananidai pweza huyo mpaka kesho.

Nikaenda kwa Bi Mize. Nilimkuta jiko la uani anamenya muhogo, amekaa juu ya kigoda, maganda yanaangukia kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa siku hizi umekuwa mtu wa kusema."

"Bado. Nnakuhitaji weye."

"Mie?" Hakunyanyua macho. "Mie nshasema yangu, simu ikanijibu."

Nikakaa chini kwenye jamvi, nikachukua kisu cha pili nikamenya naye, kwa sababu si neno la kulisema mikono mitupu. Nikamwambia hakukosea kitu, salamu zake zilikuwa haki ya watu na hakuna Uroa anayeziweza kama yeye. Kosa lilikuwa kuziweka mahali penye saa. Nikamwambia nataka tusimame sote wawili mlango wa skuli, kabla ya mkutano, na kila anayeingia yeye Bi Mize amsalimu, kwa namna anavyojua, asipunguze jina wala mgonjwa. Mlangoni hakuna simu. Mimi nitasimama pembeni yake tu. Halafu ndani niseme la ghala.

Bi Mize alimaliza muhogo aliokuwa nao, akautia kwenye maji. "Na radhi je?"

"Radhi uniombee weye. Hukohuko mlangoni."

Akafikiri. "Wanaanza kuja saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri."

"Basi siye tuwepo kabla ya adhuhuri."

Nikamuuliza, na goti? Akanitazama kama nimetaja mtu asiyemjua. "Goti gani?" akasema.

Siku ya mkutano alivaa kanga mpya zilizonuka udi, akasimama mlangoni pale kama mwenye skuli. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi yake vile. Aliwasalimu wajumbe, akawasalimu mafundi seremala, akamkumbuka kila mgonjwa, akamfanya mjumbe mmoja mkavu wa uso acheke kwa kumtajia marehemu bibi yake. Mzee Makame alipofika walisalimiana mpaka kivuli cha ukuta kikasogea. Mwisho Bi Mize akaniwekea mkono begani. "Mwenyekiti, huyu mtoto wetu leo atanyanyua mdomo mbele zenu, na mbele zenu yeye ni mdogo. Namuombea radhi hapa, asije akakupotezeeni wakati ndani."

Mzee Makame akanitazama, akamtazama yeye, na nadhani alikumbuka mwaka uliopita, kwa sababu sauti yake ililainika. "Radhi tumetoa, Bi Mize," akasema. "Aseme tu."

Hilo ndilo ninalowafundisha vijana siku hizi, maana nimeishia kuwa mtu wa kufundisha, mimi niliyesahau jina la kikundi. Na pale Mbweni mwezi uliopita, tukila biriani la Godfrey, Mwalimu Neema aliniambia kwamba na yeye huwaambia wanafunzi wake wa bara wafike mapema, wasimame mlangoni, wakutane na watu kabla ya kuwahutubia. "Nawaambia nimejifunza Unguja," alisema. Nimesema tangu hapo mbele ya wakubwa wenye magari marefu, lakini hakuna siku iliyonipa raha kama ile ya Uroa.

Waliniita. Nikasimama mbele ya ubao, Mzee Makame akabonyeza simu. Nikatoa salamu moja, "Assalaam alaykum," wakaitikia kwa sauti ya watu walioshiba salamu. Kisha nikasema, "Kitu tunachokilima ndani ya maji, kinauliwa na maji." Nikanyamaza. Nilihesabu pumzi zangu na kuwatazama machoni, na kimya kile, ambacho zamani kingeniua, nikakiona kinanifanyia kazi. Nikatoa mafungu mawili ya mwani kwenye mkoba, moja lililokauka kwa jua, moja lililopigwa na mvua, nikawapa wapokezane. Walishika, wakanusa. Lilipofika la pili kwa yule mjumbe mkavu aligeuza uso, akampitishia mwenzake haraka. Nikawaambia harufu hiyo ndiyo masika yetu ya mwaka jana. Nikawaambia ni wanawake gani walioutupa, na walikuwa wakiusubiri uwafanyie nini: ada ya skuli, dawa, bati la nyumba. Nikasema, "Tunaomba ghala mwaka huu," nikashukuru, nikakaa. Simu haijalia. Mzee Makame aliichukua akaitazama, akaigonga kidogo kwa kidole, akidhani imezima.

Kijana wa seremala akasimama akasema mbao zao zinalowa. Mjumbe mmoja akamuuliza, ubao ukilowa haukauki tena? Kijana akakuna kichwa. Ningeweza kumchukia mwaka mzima, lakini alikuwa mkweli. "Unakauka," akasema. "Ukiuweka juani unakauka." Wakatutoa nje sote. Tulisimama uwanjani tukingoja. Walipotuita tena Mzee Makame hakukaa hata kitini. "Ghala, kikundi cha mwani," akasema. Vigelegele vilivyopigwa mle darasani viliwatoa watoto nje ya madrasa ya jirani. Nikamtafuta Bi Mize nikamkuta amesimama palepale mlangoni, analia bila kujificha, akinionyesha kwa kidole kwa wapita njia. Nilijisikia mkubwa kuliko jengo. Sitolisema kwa unyenyekevu, kwa sababu sikujisikia mnyenyekevu.

Mafundi walihamisha mbao zao kwa hiari, na kijana yule yule akatutengenezea vichanja vya kuanikia, ngazi juu ya ngazi mpaka karibu na paa. Tukavuna, tukajaza. Siku mvua ya kwanza ya masika ilipokuja tulikuwa ndani ya ghala sote, tumekaa kwenye jamvi, muhogo wa nazi wa Bi Mize uko katikati kwenye sinia. Tone la kwanza likagonga bati, kisha la pili, kisha yakaja yote kwa pamoja. Na sisi, wanawake wazima, tukaruka kwa mara moja, mikono imejaa nazi, tukakimbilia mlangoni kuuokoa mwani kama tulivyokimbia maisha yetu yote. Tukafika mlangoni tukasimama. Mbele yetu ufuo ulikuwa mtupu, unanyeshewa, hakuna hata uzi wa mwani wetu juu yake. Bi Mize, ambaye ndiye pekee hakuinuka, akatuita kutoka kwenye sinia. "Rudini mle," akasema. "Chakula kinapoa."